Pointi ya Pole ya Dominiko Kioko

Waombolezaji wenzangu, nyinyi mliopewa ruhusa kazini na nyinyi mliokuja bila ruhusa, mchungaji wetu, majirani wa Muaither, na jamaa mnaotusikiliza kwa simu kutoka Kathiani, mimi ni Winfred Mueni, dada mkubwa wa Dominiko, ninayelea watoto wa watu hapa Doha, mtaa wa Al Sadd, na nimepewa kazi ya kusoma maisha ya ndugu yangu kabla mwili wake haujapanda ndege kesho. Nimeambiwa nisome polepole na nisilie, hilo la kwanza nitajaribu, la pili sikumwahidi mtu.

Dominiko Kioko Musembi alizaliwa tarehe 11 Mei 1979 huko Kathiani, Machakos, mtoto wa nne wa marehemu fundi seremala Musembi na mama yetu Veronica Mbithe, akazaliwa alfajiri, ndiyo maana akaitwa Kioko, na tangu alipojua kusimama alikuwa akipiga teke kila kilichoviringana, viazi, makopo, na Jumapili moja kofia ya katekista, na kwa hiyo kofia alichapwa vizuri. Alisoma shule ya msingi ya kijijini kwetu kuanzia mwaka 1986 hadi 1993, kisha sekondari ya kutwa hadi 1997, akafanya mtihani wa kidato cha nne na kukosa nafasi ya chuo cha ualimu kwa alama kidogo sana, na nawaomba mlishike hilo neno, kukosa kidogo, kwa sababu lilimfuata hadi mwisho.

Baada ya shule alifanya kazi ya useremala na baba, akaenda Nairobi kuwa soja wa usiku, na tarehe 3 Machi 2009 akafika hapa Doha, akawekwa kwenye geti la kampaundi moja ya Muaither iliyokuwa na Waaustralia wengi. Nilipomfuata mwaka 2011 nilimkuta ameshapotea, si kwa pombe wala kwa wanawake, ashukuriwe Mungu, amepotea kwa mpira wa Australia, ule mrefu kama papai, unaoshikwa kwa mikono na kupigwa kwa mguu.

Ilianza hivi, mpira uliruka ukuta ukaangukia kwenye kibanda chake, naye akautuliza chini na kuupiga kama tulivyozoea kupiga mpira wa kwetu, ukakata kona ya ajabu na kuvunja kioo cha upande cha gari la mudir, bosi wake mwenyewe. Badala ya ugomvi akatoka mzee mmoja mkaazi wa pale, jina lake Shaun, akilia kwa kicheko, akamlipia kile kioo, na kuanzia jioni hiyo akaamua kumfundisha, maana alisema mguu wenye nguvu namna hiyo kuachwa bila mafunzo ni dhambi.

Mzee Shaun alikuwa na sanduku la kanda za mechi za zamani, na walipozitazama pamoja alikuwa akigombana na televisheni, kwamba vijana wa siku hizi wanapiga mpira kwa uangalifu kama wanatuma barua posta, wapi wale mashujaa, wapi Bradley Tunstall wa mguu wa kushoto, ambaye alikuwa akipiga akiwa pembeni kabisa ya uwanja kisha anainama kufunga kamba za kiatu, kwa kuwa hakuwa na haja ya kutazama mpira unakoangukia. Ndugu yangu akaambukizwa huo ugonjwa mzimamzima, akawa akiwakumbuka watu asiowahi kuwaona, wa nchi asiyowahi kuikanyaga, wengine waliostaafu kabla yeye hajazaliwa, na akimtaja Bradley machozi yanamlengalenga, mpaka nikamuuliza huyo Bradley ni wa ukoo gani, mbona matanga yake hatukualikwa.

Mkwaju aliopenda ni ule wa kizamani ambao siku hizi hawaupigi sana, mpira unashikwa upande upande, unapigwa kwa kukatwa na mguu, nao unaondoka ukijisokota na kwenda mbali kuliko mikwaju yote, Dominiko akauita keekee, kwa kukumbuka ile keekee ya baba ya kutobolea mbao. Na jina la pili alilotoa mnalijua nyote. Katika mchezo ule ukipitisha mpira kati ya milingoti miwili mirefu ya katikati unapata pointi sita, lakini ukikosa kidogo, ukapita pembeni yake au ukagusa mlingoti, hufukuzwi mikono mitupu, unapewa pointi moja, na aliposikia hivyo alimwambia mzee Shaun kwamba kwetu pointi hiyo ina jina, inaitwa pole.

Mzee Shaun aliporudi kwao mwaka 2015 alimwachia mpira wake wa ngozi, na Dominiko akawakusanya akina Ronny dereva wa teksi kutoka Mbale, Fiona wa hotelini, Joram na wengine mlio hapa, kila Ijumaa, siku yetu ya mapumziko, asubuhi kwenye kiwanja cha kokoto chenye milingoti ya mabomba ya plastiki, mchana chumbani kwa Ronny kutazama mechi, na majirani wa Muaither wakazoea kusikia watu wazima wakipiga kelele, goli, goli, aaa, pole! Keekee zake nyinyi ndio mashahidi, ile ya siku ya upepo wa vumbi, ile iliyopita juu ya lori la maji, na wageni walikuwa wakija kwa miguu kutoka mtaa wa pili kutazama huo mguu wa kulia.

Marehemu alifunga ndoa kanisani na Ann Mutheu tarehe 16 Desemba 2006, wakajaliwa watoto wawili, Kevin aliyezaliwa mwaka 2008 na Tiffany mwaka 2013, aliwaona wakati wa likizo tu kama tunavyowaona wetu sote, na Tiffany hasa alilelewa kwa simu, akajifunza mchezo huo kwa simu, hata leo hajui kwamba hiyo pointi moja ina jina lingine duniani.

Ugonjwa wa sukari uligunduliwa mwaka 2019, kikaja kidonda cha kidole kisichopona, na tarehe 14 Agosti 2023 madaktari wakaukata mguu wa kulia chini ya goti ili kuokoa maisha yake. Mguu ule, jamani. Akahamishiwa kazi ya kukaa, chumba cha kamera, akapewa mguu wa bandia, na siku za Ijumaa aliketi kwenye kiti cha plastiki huku wenzake wakisimulia keekee za zamani, nami niliona jinsi alivyokuwa akitabasamu, nikajua inamuuma, kwa sababu sasa wanamzungumzia yeye kama yeye alivyomzungumzia Bradley, mtu aliyepita.

Tiffany ndiye aliyeuliza swali ambalo sisi wakubwa tuliliogopa, alimwuliza kwa simu, baba, na mguu wa kushoto kazi yake nini? Basi ndugu yangu akaanza upya akiwa na miaka arobaini na mitano, akianguka, akiinuka, akitukana kwa Kikamba na kumwomba Mungu msamaha papo hapo, akisema mkataba wake unaisha Februari na hatapanda ndege kurudi nyumbani kabla hajapiga keekee moja ya mguu wa kushoto ikapita katikati, binti yake akitazama.

Ijumaa ya tarehe 31 Januari 2025 Ronny alipitia Al Sadd kunichukua, Fiona akashika simu Tiffany aone vizuri, Joram akavaa kofia yake nyeupe ya urefa na kusimama kati ya mabomba, Dominiko akautia uzito wote kwenye mguu wa bandia, akapiga. Ilijisokota, naapa ilijisokota, ikapaa ikiwa imenyooka, kisha mwishoni ikapinda kidogo tu, ikagonga bomba la kulia, tap, ikaanguka. Nikaogopa kumtazama usoni. Joram, mtu wa haki hata pale asipotakiwa, akainua kidole kimoja, na kwenye simu ikasikika sauti ya Tiffany, pole baba! pointi moja! tumeongoza! Ndugu yangu akakaa chini kwenye kokoto akacheka mpaka akalia, akasema, khalas, imetosha, sasa naweza kwenda nyumbani.

Jumanne tarehe 4 Februari 2025 asubuhi moyo wake ulisimama akiwa kazini, akafariki kabla ya kufikishwa hospitali, na nyumbani anakwenda, lakini si hivi alivyosema.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtibu kwa miaka hii yote, wasimamizi na wenzake wa chumba cha kamera, majirani wa Muaither waliovumilia kelele, kanisa lililotupa ukumbi huu, Ronny, Fiona na Joram mliokuwa ndugu zake zaidi ya damu, na mzee Shaun, aliyetuma salamu kwa sauti iliyokatika katikati kwa kilio.

Mwisho nasema na wewe, Tiffany, najua uko kwenye simu hapo kando ya mama yako. Keshokutwa kijiji kizima kitapita mbele yako, mmoja mmoja, kila mtu atakushika mkono na kukuambia pole, watu wa kanisani, walimu wako, hata wale usiowajua, utachoka, utatamani wanyamaze. Usichoke, mwanangu. Wewe ihesabu kila moja, maana ni za baba yako, na ukimaliza nipigie uniambie tumefika ngapi.

Kioko wetu, lala, upumzike.