Mwalimu Mwanakombo na Mikorosho Miwili ya Mti Mmoja

Mwalimu Mwanakombo Lukmani, au Mama Zuhra kama walimu wenzake wanavyomwita, anastaafu tarehe 30 Juni baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha baiolojia. Alianza Masasi, kisha akahamia hapa shuleni kwetu Newala. Hajawahi kufundisha somo la ua bila ua mkononi. Anayechelewa kipindi hutumwa kulitafuta.

Alipohamia huku alileta mche wa mkorosho uliobebeshwa, yaani kuungwa, kikonyo kilichokatwa kwenye mti wa mama yake kule Lupaso, akaupanda nyuma ya maabara. Mche mwingine wenye kikonyo cha mti huohuo ulibaki Lupaso. DNA yao ni ileile, lakini wa Newala, kwenye ukungu na baridi yetu, huchelewa kutoa maua kila mwaka. Mama Zuhra alitaka kujua sababu kabla hajastaafu.

Alitufundisha kwamba DNA imeandikwa kwa herufi nne, A, C, G na T, na juu ya baadhi ya herufi hukaa alama ndogo za kikemikali. Alama hizo hazibadilishi herufi, ila zinaweza kuzima jeni. Ili kuziona, wataalamu hutumia dawa inayobadilisha herufi C zisizo na alama. Zenye alama hubaki zilivyo, ndipo husomwa.

Mwaka jana maabara moja ya chuo kikuu Dar es Salaam ilikubali kumpimia. Mama Zuhra akaanika majani ya miti yote miwili juani, juu ya mkeka, kama tunavyoanika makopa ya mihogo nyumbani. Yalikauka vizuri sana. Maabara ikajibu kwamba DNA imekatikakatika na haisomeki.

Mwalimu Bartholomayo wa hisabati, mtani wake, alitangaza ofisini: "Mama Zuhra kawapelekea wataalamu makopa, na mboga hakuwawekea!"

"Subiri," akajibu Mama Zuhra, "ya pili utakula wewe."

Tulicheka, lakini maabara ilikubali kupima mara moja tu zaidi, na mwaka wa kustaafu ulikuwa umefika. Safari hii majani yalipaswa kukaushwa haraka, kivulini. Akakumbuka vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vipya. Aliyezunguka kwa wauza viatu kuviomba ni Mwalimu Bartholomayo huyohuyo, hadi wakamwuliza kama anafungua duka.

Majibu yalikuja mwezi huu. DNA ilisomeka! Mti wa Newala una alama mahali ambapo wa Lupaso hauna. Tulipiga makofi, lakini Mama Zuhra akatunyamazisha: "Alama tumeziona. Kwamba ni baridi iliyoziweka, bado hatujui. Miti miwili haitoshi." Kesho yake akatufundisha kubebesha, na sasa kuna safu ya miche nyuma ya maabara. Mwalimu Bartholomayo ameahidi kuimwagilia, ingawa hatumwamini sana.

Mama Zuhra, asante kwa kutufundisha kuuliza na kutuonyesha kwamba mwalimu anaweza kukosea, akacheka, akarudia. Tunakuombea afya njema na mapumziko ya furaha huko Lupaso. Mkorosho wa huku ukitoa maua tutakupigia simu. Wa kwako utakuwa umetutangulia, kama kawaida.