Pikipiki ya Mkono Mmoja

Benchi la nje ya banda la kinyozi lina miguu mitatu ya mbao na wa nne ni tofali, na wanaolikalia wanajuana mpaka kwa kikohozi. Wembe, mwenye banda, hukaa karibu na mlango ili amwone mteja akiingia, ingawa mteja akiingia yeye huendelea kukaa. Bomba, fundi wa mabomba, hukaa katikati kwa sababu pembeni hatoshi. Nukta, mwalimu mstaafu, hukaa mwisho, na kila akitoa neno hulifunga kwa kusema "nukta", kana kwamba wenzake wana madaftari. Soli, fundi viatu, husogea hapo na kigoda chake, kiatu cha mtu kikiwa kati ya magoti. Mama Birika huwamiminia kahawa wote, na maneno yao huyasikia bure. Asubuhi hiyo jambo lilikuwa moja tu: Soli anataka kununua pikipiki, ya kwanza maishani mwake.

Sababu wote waliijua. Mkewe anapika kwenye kantini ya hospitali, anatoka nyumbani alfajiri kwa miguu, mwendo wa saa nzima, na magoti yameanza kumsema. Soli alimwahidi kwamba mwaka hauishi kabla hajaanza kumpeleka kazini mwenyewe. Kilichobaki ni kuchagua: mpya ya dukani, au ile aliyoiona kwenye tangazo lililobandikwa ukutani pale wanapoosha magari. "Pikipiki inauzwa. Ya mkono mmoja. Anayeihitaji kweli apige simu." Alipiga jana yake. Sauti ya mwanamke ikamjibu kwa kifupi kwamba saa nne ataileta mwenyewe hapo kijiweni, aijaribu.

Neno hilo la kuijaribu ndilo lililomnyima usingizi. Miaka miwili nyuma mlango wa chuma ulimbana mkono wa kushoto, na tangu hapo vidole vitatu havimsikilizi. Kushona viatu anashona, maana kiatu hubanwa kwa magoti. Klachi ya pikipiki iko kushoto, na haibanwi kwa magoti. Wiki nzima alikuwa akijizoeza kubana koleo jikoni wakati mkewe hayupo, na koleo halikufunga hata mara moja. Pale kijiweni hakuna aliyewahi kuutaja mkono huo. Mama Birika humpa kikombe upande wa kulia, basi, yameisha.

— Chukua mpya, alisema Bomba. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

— Kidonda cha wapi tena? aliuliza Wembe.

— Cha mfukoni. Lakini hicho kinapona.

— Mpya haijui barabara, ndugu yangu, alisema Wembe. Haijawahi kuona shimo hata moja. Ikikutana na lile la pale kona itashtuka, imwage mtu. Iliyotumika inayajua mashimo yote kwa majina.

— Na nyumba zote pia inazijua. Shemeji yangu alinunua iliyotumika. Kila akifika njia panda, inavuta upande mmoja. Siku moja akaiachia aone inataka nini. Ikampeleka mpaka mlangoni kwa mwanamke asiyemjua, na chakula kimeshapakuliwa.

— Akala?

— Sasa angefanyaje? Kukataa chakula cha watu ni utovu wa adabu.

— Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, alisema Nukta. Ndiyo maana pikipiki nyingi za mtumba zina maji kwenye tangi. Nukta.

— Mwalimu, hiyo methali haihusu tangi, alisema Wembe.

— Tembo linamiminwa, petroli inamiminwa. Tatizo lako liko wapi?

Soli alicheka pamoja nao, lakini jicho lake lilikuwa kwenye saa ya ukutani ya kinyozi. Zilibaki dakika kumi.

— Hii si mtumba wa hivi hivi, alisema. Imeandikwa mkono mmoja.

— Ndiyo lugha ya madalali, Bomba alidakia. Maana yake imemilikiwa na mtu mmoja tu. Sawa. Lakini pikipiki haishikwi tu, inakaliwa. Mkono mmoja, makalio mangapi? Hilo hawaandiki.

— Waandike ukutani, watoto wanapita? aliuliza Mama Birika.

— Mimi nawaambia, kiti kinakariri. Kalia kiti cha mtu mvivu miezi sita, utaanza na wewe kuchelewa kazini.

— Kumbe. Na hiyo suruali yako ilikuwa ya nani? aliuliza Wembe.

Bomba aliitazama suruali yake kwa makini kabla ya kugundua kwamba ametaniwa.

— Mnapoteza muda, Nukta alisema. Kwa kweli hakuna pikipiki mpya duniani. Chuma kilitoka ardhini, na ardhi imewatangulia babu zetu. Ile ya dukani ni mtumba wa udongo, imepakwa rangi tu.

— Kwa hiyo anunue ipi?

— Yoyote, isipokuwa hiyo ya mkono mmoja. Wahenga walishasema, mkono mmoja haulei mwana. Nuk...

Hakuimalizia. Wembe akaanza kukunja taulo lililokwisha kunjwa. Soli akauzamisha mkono wa kushoto kwenye mfuko wa aproni. Aliona aibu, kisha akaikasirikia aibu yenyewe, kwa sababu hakuwa ameiba kitu cha mtu.

— Kahawa bado ipo? Bomba aliuliza kwa sauti kubwa mno.

— Ya kikombe kimoja, alijibu Mama Birika.

— Nadhani nimpigie huyo mama asije, alisema Soli. Nitangoja mwakani.

Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Hiyo nayo ilikuwa adabu yao, na siku hiyo Soli aliichukia. Alikuwa akiitafuta simu aliposikia mlio ukikata kona. Pikipiki nyekundu ililikwepa shimo vizuri, ikaja kusimama mbele ya tofali. Aliyekuwa juu yake ni mama wa makamo, na mkono wa kushoto wa gauni lake ulikuwa umekunjwa na kubanwa kwa pini kwenye kiwiko. Usukani wa kushoto ulikuwa na kikombe cha ngozi cha kuegemeza kigutu. Klachi ilikuwa imehamishiwa kulia, chini ya breki.

Alizima, akawaamkia, akawatazama mmoja mmoja.

— Nimeambiwa hapa kuna mtu anahitaji pikipiki ya mkono mmoja. Ni nani?

Swali lilikuwa jepesi, na wote walilijua jibu lake kwa miaka miwili. Wembe alitazama taulo. Bomba alitazama ndani ya kikombe kitupu. Nukta alifungua mdomo, akautafuta msemo, akaufunga.

Soli aliutoa mkono wa kushoto mfukoni akaunyoosha juu, pamoja na vidole vyake vitatu visivyosikia.

— Mimi.

Yule mama aliutazama mkono ule sawasawa, kama fundi anavyotazama kazi aliyoletewa.

— Wa kushoto, kama wangu, alisema. Mimi sasa nina ya magurudumu matatu, mzigo umekuwa mkubwa. Panda. Klachi vidole viwili vya chini, breki viwili vya juu. Nitakimbia pembeni.

Soli alivua aproni, akapanda. Kwa vidole vya kulia akabana, na klachi ikafunga mpaka mwisho. Alibana tena, kwa furaha tu, kisha akageuka.

— Samahani, mama. Wenzangu hawa asubuhi nzima wanataka kujua imekaliwa na makalio mangapi.

— Mawili, alijibu. Haya haya.

Mama Birika alikimiminia kikombe tone la mwisho la birika, akakiweka kwenye kigoda cha Soli. Safari hii alikiweka upande wa kushoto.