Manang Paning na Jalada la Mtakatifu Isidro

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi katika Ofisi ya Habari ya Manispaa ya Tinagbuan, Bi. Epifania Tingson, ambaye hakuna anayemwita hivyo isipokuwa benki, anastaafu rasmi leo tarehe 30 Juni, saa sita mchana. Sisi tunamwita Manang Paning, yaani Dada Paning, hata wale waliomzidi umri. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu meza yangu imegusana na yake kwa miaka mingi, na kwa sababu wenzangu wote walidai wana shughuli. Uongo mtupu. Walikuwa wanakula bibingka, keki yetu ya mchele.

Alipoajiriwa, kazi yake ilikuwa kupanga picha za ripoti na vipeperushi kwa mkasi na gundi. Unaweka picha ya ukumbi chini, juu yake picha ya meya, juu ya meya maua, halafu unapitisha karatasi kwenye mashine ya fotokopi huku ukiomba Mungu gundi isiache alama. Ipo ripoti moja ya chanjo ambamo meya wa enzi hizo ana nzi kwenye paji la uso. Nzi huyo hakubandikwa na mtu. Alijileta mwenyewe, na gundi ikamkubali.

Kompyuta zilipokuja, Manang hakuziogopa. Na ilipokuja hati ya mtandaoni, ile ambayo watu wengi wanaifungua kwa pamoja na kila mmoja anatia mkono wake, aliipenda kama mtoto wa kumzaa. Ndiye aliyetufundisha kwamba picha inaweza kukaa nyuma ya maandishi au mbele yake, na kwamba picha zikipandana, ni wewe unayeamua ipi iletwe mbele na ipi irudishwe nyuma. Somo alilitoa kwa chakula chake cha mchana. Wali chini, samaki juu, kitunguu juu ya samaki. "Ukitaka samaki aonekane, usimfunike kwa wali," alisema. "Basi. Pagumu wapi hapo?"

Pagumu palikuwepo. Mhasibu wetu aliipeleka nembo ya manispaa nyuma ya maandishi, ikamshinda kuikamata tena. Kila akibofya anashika maneno, nembo inamtazama tu kwa chini. Alitaka aitwe padri. Mimi nami, katika tangazo la kupambana na homa ya dengi, nilileta mbele picha ya mbu badala ya picha ya daktari. Wiki nzima ubao wa matangazo ulionyesha mbu mkubwa aliyevaa suruali iliyopigwa pasi. Watu walisema safari hii ujumbe umefika.

Tena mnajua desturi yetu: shughuli ya serikali isiyo na picha haijafanyika, na picha isiyo na viongozi wote si picha. Asiyefika huongezwa ofisini. Kwa kazi hiyo Manang hakuwa na mpinzani. Diwani mmoja, jina tunalihifadhi kwa heshima ya mkewe, alihudhuria semina zote za mwaka mmoja akiwa na shati lilelile la waridi na kipande kilekile cha keki mkononi. Mojawapo ilikuwa semina ya kuokoa watu wanaozama. Amesimama ndani ya maji, mkavu, na keki yake.

Lakini kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa jalada la programu ya sikukuu ya Mtakatifu Isidro, msimamizi wa wakulima na wa mji wetu. Sababu aliniambia mara moja tu. Binti yake Jovelyn alipokuwa mdogo aliugua dengi hadi madaktari wakaacha kumtazama mama usoni. Manang akapiga magoti akaweka nadhiri: mtoto akipona, basi kila mwaka atakaokuwa kazini, mtakatifu atatokea kwenye jalada mzima mzima, kofia hadi kiatu, pamoja na nyati wake, wala hatafunikwa na kitu. Jovelyn alipona. Leo ni muuguzi na ana watoto wawili wenye kelele. Nadhiri haikuwahi kuhatarishwa, mpaka tukafika mwezi uliopita, jalada lake la mwisho.

Hapo ndipo wanaingia waheshimiwa wetu wawili. Meya Crisanto Talabucon na Naibu Meya Leovigildo Talabucon ni mtu na binamu yake, wamelelewa nyumba moja, na walikuwa hawasemezani kwa ajili ya jogoo. Jogoo wa Meya alitoroka ulingoni siku ya pambano kubwa la majogoo, na Naibu akacheka. Tatizo ni kwamba alicheka akiwa ameshika kipaza sauti.

Manang alilipanga jalada vizuri kabisa. Mtakatifu katikati, Meya chini kulia, Naibu chini kushoto, hakuna aliyemgusa mwenzake. Kwa bahati mbaya Meya alikuwa ameamuru hati iachwe wazi kwa viongozi wote, kwa ajili ya uwazi. Basi akaifungua kwa simu yake, akaivuta picha yake ikanenepa kidogo. Naibu akaona, naye akajinenepesha. Wakaendelea hivyo hadi wakakutana katikati, na sasa swali likawa bega la nani liko mbele ya bega la nani. Leta mbele. Leta mbele. Leta mbele tena! Sisi tumekaa tunatazama skrini tu, vichwa viwili vikipishana kama abiria wanaogombea dirisha.

Kilichozidisha fujo ni kwamba Naibu alisahau kuingia kwa jina lake. Hati ya mtandaoni ikimwona mgeni humpa jina la mnyama, naye akapewa Kiboko Asiyejulikana. Meya akaandika hapo hapo pembeni mwa jalada: "Wewe kiboko, toka kwenye hati ya serikali!" Baada ya muda likaja jibu: "Kiboko alichaguliwa na wananchi."

Meya akapiga simu, sauti tuliisikia ofisi nzima. "Manang, huyu bwege amenikalia begani kama kasuku! Mtoe!" Hajakata simu, Naibu naye huyoo mlangoni, anahema. "Hebu niambie, Manang, mimi ni kiongozi au ni sikio? Tazama! Nimebaki sikio!"

Na mtakatifu? Masikini Mtakatifu Isidro alikuwa amebakiwa na ukingo wa kofia, na pembe moja ya nyati wake ilikuwa inachomoza kutoka kwenye kichwa cha Meya. Manang akimvuta mbele, kabla hajaachia kipanya ameshafunikwa tena. Alijaribu kuwaeleza. Aliwaambia wote wawili, kwa heshima zote, kwamba ana nadhiri. "Nadhiri yako naiheshimu sana, Manang," Meya akamjibu. "Mwambie kwanza yule aheshimu bega langu." Naibu alisema mtakatifu ataelewa, kwa kuwa yeye ana subira, na kwamba subira hiyo yeye Naibu hakujaliwa.

Mpiga chapa wa jijini Iloilo alikuwa amesema ataichukua hati moja kwa moja mtandaoni Ijumaa saa kumi, vyovyote atakavyoikuta. Ijumaa hiyo, mchana, Manang Paning alilia mezani pake. Nilimnunulia bakuli la moto la batchoy, ile supu ya tambi na nyama, lenye kiini cha yai juu, akalisukuma kando. Mwanamke huyu sijapata kumwona akisukuma batchoy. Iliniuma, nasema kweli, na nikawachukia Talabucon wote wawili kwa moyo wangu wote. Sasa nimewasamehe.

"Wakubaliane kwamba mmoja yuko mbele, hawataki," alisema huku akijifuta. "Kila mmoja anataka awe juu ya mwenzake." Kisha akalitazama lile bakuli, supu chini, tambi zimepita juu ya nyama hapa, na nyama imepita juu ya tambi pale. Akasimama. "Wene," akaniambia, "lete barong yako."

Barong yangu, lile shati langu rasmi la kwaya, ilikuwa imening'inia nyuma ya mlango. Akauvaa mkono mmoja tu wa shati, akauweka mkono wake juu ya mgongo wa kiti, akanipa simu. "Piga. Si kiti, baba, piga mkono!" Nikapiga.

Alichofanya baada ya hapo kifundishwe vyuoni. Chini kabisa aliweka picha ya Naibu, aliyepiga barong kama yangu. Juu ya Naibu akaweka Meya, bega mbele ya bega. Halafu juu ya Meya akauweka ule mkono peke yake, umekatwa vizuri, ukitokea upande wa Naibu na kutua begani mwa binamu yake. Kwa hiyo Meya yuko mbele ya Naibu, na Naibu yuko juu ya Meya. Wote wawili akawapunguza, akawashusha chini, na juu yao akamsimamisha mtakatifu, kofia, kiatu, jembe, nyati na pembe zote mbili. Mwisho akaunganisha kila kitu kuwa picha moja, akafuta zile za zamani. "Sasa hakuna cha kuleta mbele wala kurudisha nyuma," akasema. "Wameshikana kama ukoko na sufuria."

Tukakaa tukiitazama hati. Meya akaingia. Kiboko Asiyejulikana akaingia. Hakuna aliyegusa kitu. Baadaye tulijua kwamba Meya aliona bega lake liko mbele akaridhika, akidhani yule wa nyuma anamshika kwa kuomba msaada. Naibu aliuona mkono uliowekwa juu ya Meya akafurahi hadi akaamini anaikumbuka siku picha ile ilipopigwa. Saa kumi ilipogonga, mpiga chapa akachukua jalada. Manang akavuta bakuli lake la batchoy, lililokwisha poa, akalimaliza bila kuinua kichwa.

Siku ya sikukuu alipeleka nakala ya kwanza kanisani, akaiweka miguuni pa sanamu, Jovelyn na wajukuu wamesimama nyuma yake. "Imekwisha, Tata Isidro," alimwambia mtakatifu, akimwita baba kwa lugha yetu. "Kofia hadi kiatu." Nilikuwepo, nami nililia, wala sioni haya.

Nakala ya pili ilimfikia Shangazi Consing, yule bibi kizee aliyewalea waheshimiwa wote wawili. Aliona mkono ule begani akabubujikwa na machozi, akawaita nyumbani kwake kabla nguruwe wa sikukuu hajakatwa. "Mmeweza kushikana kwenye karatasi, mtashindwa mezani?" akawafokea. "Kaeni chini, wapumbavu wangu!" Wakakaa. Hadi sahani ya pili Meya mwenyewe alikuwa anaigiza jinsi jogoo wake alivyokimbia, na Naibu alikuwa amelala kwenye kiti kwa kucheka, safari hii bila kipaza sauti.

Kulikuwa na kasoro moja tu. Katika haraka ile Manang alisahau kuvua pete yake ya ndoa, na Naibu Meya, kama mjuavyo, ni kapera wa miaka hamsini na mbili. Jioni ile mji mzima ulikuwa unauliza amemwoa nani, lini, na kwa nini hatukualikwa kula. Angeweza kusema mkono ule si wake, lakini Shangazi Consing alikuwa ameushika mkono wake anaubusu na kuushukuru mbele ya watu. Atasemaje? Wiki iliyofuata alitokea kazini na pete kidoleni, akidai ni ya marehemu babu yake. Ameivaa hadi leo.

Nilipomwomba Manang ruhusa ya kuyaandika haya, alicheka akasema, "Andika. Wakitaka kunifukuza, wawahi." Programu hizi za sherehe ya kumuaga, zenye wasifu huu, zinagawiwa baada ya saa sita, na kwa mujibu wa sheria za utumishi wa umma, wamechelewa.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Naibu, pete unaweza kuivua. Mheshimiwa Meya, mkono uliotua begani mwako katika kila nyumba ya Tinagbuan ni wa mwanamke aliyeketi katikati yenu sasa hivi, na nina hakika anawatazama wote wawili usoni. Mmekuja pamoja, mmepakuliwa sahani moja. Tunawaomba mbaki mmeketi.

Manang Paning, asante kwa subira yako, kwa masomo ya wali na samaki, na kwa kutuvumilia sisi tusiojua mbele wala nyuma. Tutakukosa, tena sana. Nenda ukalale mchana bila kuamshwa na mheshimiwa yeyote, ule vya moto vikiwa vya moto, na Mungu akujalie afya, wajukuu watulivu na maisha marefu yenye raha.