Mama Teodora Kashindye na Nyumba ya Mawe ya Kigongo (1936–1998)

Marehemu Teodora Kashindye alizaliwa Kisesa tarehe 3 Mei 1936, mtoto wa pili wa mkulima wa pamba, mzee Kashindye, na mkewe Selina. Alisoma shule ya misheni, kisha ukunga, akahitimu mwaka 1957.

Tarehe 12 Septemba 1959 alifunga ndoa na Josephat Shimba, aliyetutangulia mwaka 1989.

Alizalisha akina mama katika zahanati za pande hizi hadi alipostaafu mwaka 1991. Lakini jambo moja lilimkosesha raha. Wajawazito waliopelekwa hospitali Sengerema walikuwa wakikikosa kivuko, wakalala hapa Kigongo juu ya mchanga, na hatua chache kutoka kwao nyumba nzima ya mawe imefungwa.

Nyumba yenyewe, ndugu zangu, mnaiona. Mwingereza wa pamba aliijenga mwaka 1927 kwa kuiga za kwao: kuta nene hata mtu anakaa dirishani, madirisha membamba yenye tao, paa la mwinuko mkali ili theluji iteleze. Theluji, Kigongo! Tena akaweka jiko la moto ndani ya ukuta wa sebule, na dohani ya kutolea moshi juu ya paa. Kwa ajili ya jiko lile watu walisema ndimo mumiani walimochomea watu. Baadaye nyumba ikawa ya ushirika wa pamba. Ushirika ulipouza majengo yake mwaka 1994, wafanyabiashara waligombania maghala. Nyumba haikupata mtu. Mama akaichukua, akafagia, akatandika vitanda. Hakuna aliyeingia.

Asubuhi moja ya masika, mwaka 1995, aliwasha moto humo achome viazi vitamu. Moshi ukafurika sebuleni. Waliokuwa wakichungulia wakatimua mbio.

"Mumiani gani anakohoa hivi?" Mama akawapigia kelele dirishani. "Ndege wameziba dohani! Nileteeni mti mrefu!"

Selestina Oyoo, mke wa mvuvi, mjamzito aliyelowa chapachapa, alicheka hadi akashika kiuno. Akaingia.

"Shikamoo, mama. Sasa joto lote hili, Mzungu alitaka moto ndani wa nini?"

"Marahaba. Alikumbuka kwao, mwanangu. Kaa ukauke."

Kesho yake Selestina alivuka, akajifungua salama. Wengine wakafuata.

Kisukari kilimwanza Mama mwaka 1997. Alifariki nyumbani, Ijumaa tarehe 14 Agosti 1998. Ameacha watoto watatu, Venant, Nkwabi na Sabina, pamoja na wajukuu tisa.

Jana wazee walimuuliza Sabina kama nyumba ya mawe ifungwe hadi matanga yaishe. Alijibu huku amebeba shuka: "Wajawazito wawili wamelala mle, baba zangu. Lieni taratibu."

Mwenyezi Mungu ampe Mama yetu pumziko la amani.