Mama Yenu Hakukataa Dawa

Sogeeni, wanangu, mkae nami kabla sauti haijanikimbia. Mwanangu wa kwanza, keti. Najua huko nje wanakuita Mhubiri na umezoea kusema umesimama, lakini kwangu wewe ni mtoto, na pumzi niliyobakiwa nayo haitoshi kubishana na mtu aliyenisimamia kichwani. Mkwe wangu, kaa karibu na mumeo. Binti yangu, nishike mgongo. Hivyo. Asante, mama.

Ya mali ni machache. Nyumba ni yenu ndugu wawili, asiuze mmoja bila mwenziwe. Karakana, randa na misumeno yote ni ya binti, na mtu asiulize kwa nini seremala amemrithisha mwanamke, kwani tangu mkono wangu uanze kutetemeka, meza mlizosifu kuwa kazi ya mzee zimetoka mkononi mwake.

Sasa lililonikaa kooni. Mama yenu hakukataa dawa.

Usinyanyuke! Keti nimalize. Akili ninazo timamu, na hakuna aliyenituma. Miaka kumi na tisa unawaambia watu kwamba mama yako alikuwa na kisukari, akavitupa vidonge kwa mkono wake mwenyewe, akafa mshindi, nao wanalia na kumwaga dawa zao kwenye lile beseni unaloweka mbele yako ibadani. Wewe hukusema uongo. Uongo ni wangu, nilikulisha ukiwa mwanafunzi, ukaumeza, maana mtoto haonji kwanza anachopewa na baba yake.

Sikilizeni ilivyokuwa. Siku zile nilitamani kufanywa mzee wa ibada kuliko nilivyotamani chochote, na tulifundishwa kwamba anayeomba kisha akameza kidonge, ameomba kwa mdomo tu. Nami nilikuwa nikisema hivyo kwa sauti kuliko wote. Mama yenu hakubishana. Alikuwa akisali alfajiri mimi nakoroma, akimaliza sala anameza kidonge chake, wala hakuona ugomvi kati ya mambo hayo mawili. Siku moja nilipanda kiti nibadilishe fimbo ya pazia la chumbani, nikaona pindo ni zito, nikalifumua kwa patasi, vikaniangukia vidonge vya mwezi mzima, kavishonea humo. Ningemwita tukazungumza. Sikumwita. Nilivitia mfukoni, na siku ya ibada nikavinyanyua mbele ya watu nikasema, "Mke wangu ameikana dawa!" Watu wakapiga makofi, wakamgeukia. Angefanya nini? Aliinamisha kichwa. Njiani tukirudi aliniambia neno moja tu: "Baba watoto, ungeniuliza kwanza." Wiki ile ile nikafanywa mzee.

Kisha kikamtoka kidonda kwenye kidole cha mguu, kikapanda, mguu ukawa mweusi. Alinishika mkono akasema, "Nipeleke hospitali." Nikamwambia, "Vumilia, mama watoto, jioni wazee wanakuja kuomba." Ningeonekanaje, mimi niliyepigiwa makofi, nikimbeba mke wangu kwenda kwa daktari mchana kweupe? Wazee walikuja, wakaomba, na walipoondoka mama yenu alikuwa hanijui tena. Wanangu, siku ile sikumwogopa Mungu. Niliwaogopa watu, nikaibatiza hofu yangu jina la imani.

Mjomba wenu alinikaba ukosi mazishini: "Umemuua dada yangu!" Nikampiga marufuku hapa nyumbani, nikawafundisha kwamba ni mpinga Mungu, mkawa mkimwona mnavuka barabara. Alisema kweli. Mwendeeni ninyi wawili, mkamwambie shemeji yake amekiri, na akipenda, yeye ndiye atangulie kunishusha kaburini. Akikataa, msimlaumu.

Mficha maradhi, kilio humuumbua, na kilio changu kimewaangukia wengine. Jirani yetu fundi cherehani alimwaga vidonge vya presha kwenye beseni lako, mwanangu, kwa ajili ya habari za mama yako. Leo upande mmoja wa mwili umepooza, cherehani anakitazama tu. Utasema hukujua. Sasa umejua. Ibada ijayo, niwe hai au nimezikwa, simama palepale uyaseme haya bila kuyapunguza. Watakuzomea, wengine watasema mzee alirukwa na akili. Dada yako atasimama nawe. Ukinyamaza, sina radhi ya kukuachia.

Siwakatazi kuomba. Mimi naomba sasa hivi, kila pumzi. Ila msiijenge imani yenu juu ya mgongo wa mtu mwingine.

Ngojeni... ngojeni kidogo.

Mkwe wangu, usilie. Jana nilikuomba ruhusa, ukanipa. Nikusemee au useme mwenyewe? Haya, nitasema. Mwanangu, ukuta kati ya chumba changu na chenu ni wa mbao, niliupiga mimi, na miezi minane sasa, kila ukitoka, nasikia mkeo akibandua kidonge kwenye karatasi yake. Anayo sukari, kama ya mama yako. Usimtazame hivyo! Hajakusaliti. Anataka kuishi, na amekuogopa wewe kuliko ugonjwa. Umesikia? Ndani ya nyumba yako, mkeo anakuogopa wewe.

Vitoe, mama. Viweke hapo wazi. Mwanangu, chukua hiyo glasi ya maji... Si wewe, binti. Yeye. Mpe kwa mkono wako.

Mpe.

...Acha yamwagike, si kitu. Meza, mama. Hivyo.

Mungu awape moyo wa kusema kweli mkiwa bado na nguvu, msingoje... msingoje kitanda kama mimi. Kama nimewakosea, na nimewakosea, nisameheni mkiweza. Radhi zangu ziwe juu yenu... wote watatu. Nilaze, binti yangu. Polepole. Mwanangu... kesho umpe tena. Na kesho kutwa... umpe...