Mwalimu Kaluki na Shukrani Niliyoiharakisha

Baba Askofu, uliyeamka mapema kuja kwetu, Mchungaji wetu Urbanus Kitonga pamoja na Mama Mchungaji, Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi, ambaye leo umekubali kuketi bila kusema neno, na Mungu akubariki kwa hilo, wazee wenzangu wa kanisa, Bi Falguni wa duka la vitambaa kule Thika, jirani yetu wa imani nyingine usiyekosa sherehe zetu, wanakwaya, ndugu wageni waalikwa, na wewe, Mwalimu Kaluki, ambaye kwa ajili yako tumejaa hapa Mugutha leo: Bwana asifiwe.

Nimesema, Bwana asifiwe! Haya, hiyo sasa ni sauti ya watu waliokunywa chai.

Mimi ni Absalom Kang'ethe, mwenyekiti wa baraza la wazee la kanisa hili kwa miaka kumi na minne. Nimepewa dakika kumi kumuaga mwalimu wetu wa kwaya, anayehamia Kilimambogo kuanzisha kwaya katika kanisa changa la wafanyakazi wa mashamba. Wanaonijua wanajua kwamba dakika zangu ni ndefu. Nyinyi wa nyuma mnaonyoosha shingo kuelekea sufuria, tulieni, pilau haina miguu.

Tulipoanza, hapa palikuwa mabati matupu. Hatukuwa na kinanda wala spika. Tulikuwa na Kaluki. Siku za wiki alishona sare za shule katika kibanda chake mjini Ruiru, na Jumamosi alasiri alisimama mbele ya watu thelathini wasiojua soprano ni nini wala besi ni nini, akawaimbia sauti zote nne, moja baada ya nyingine, mpaka kila mmoja akashika yake. Hakuandika chochote ubaoni. Kila wimbo ulipita kooni mwake kabla ya kufika kwetu. Je, yuko mtu hapa aliyemsikia akianzisha wimbo, mwili wake usisisimke? Mimi nilikuwa nasahau matangazo niliyokuja kusoma.

Kisha, miaka minne iliyopita, rovu lililokuwa shingoni mwake likakua hadi likaanza kumbana pumzi. Daktari alimweleza waziwazi kwamba upasuaji ungeokoa maisha yake, lakini pia ungeweza kuigusa sauti yake. Akakubali. Rovu likatoka, na sauti ikaenda nalo. Kilichobaki ni mnong'ono, nao mnong'ono haushiki tyuni. Mwalimu wa kuimba akawa hawezi kuimba hata mstari mmoja.

Miezi ikapita, mitatu, sita, minane. Ndugu zangu, hapa ndipo ninapoingia mimi, na naomba mnisikilize vizuri, maana jambo hili sijawahi kulisema mbele za watu.

Mnajua desturi yetu. Mtu akiponywa, tunafanya ibada ya shukrani: tunachapisha kadi, tunaalika makanisa jirani, akina mama wanapika, na aliyetendewa mema anasimama kutoa ushuhuda. Mimi nikaona Mungu anachelewa. Nikawaambia wazee kwamba imani ya kweli haisubiri, inashukuru kabla ya kupokea. Nikachapisha kadi zenye herufi za rangi ya dhahabu, zikasema kwamba Mwalimu Kaluki anaimba tena. Nilipomaliza kuzisambaza mpaka Thika, ndipo nikaenda kumwambia mwenyewe.

Aliisoma ile kadi yote. Halafu akaninong'oneza kwamba daktari hajaona mabadiliko yoyote. Nikamjibu kwamba hayo ni maneno ya shaka, na kwamba akikosa kuja atakuwa amemwaibisha Mungu mbele ya makanisa manne. Ndiyo, mimi huyu. Nilimwambia hivyo mtu mgonjwa, nami nikiwa na afya yangu tele.

Alikuja. Alivaa kitenge kipya alichojishonea, akapita katikati ya kanisa huku watu wakipiga vigelegele, akapokea maiki kutoka mkononi mwangu. Akafumbua kinywa. Kilichotoka kilikuwa mkwaruzo, kama bawaba isiyotiwa mafuta. Akajaribu tena, ikawa vilevile. Vigelegele vikakatika. Wengine wakatazama sakafu, na wapo waliocheka.

Ningekuwa mimi, ningetoka kwa mlango wa nyuma, na kanisa hili lisingeniona tena. Yeye alinirudishia maiki, akatugeuzia mgongo, akaikabili kwaya, akainua mkono. Mkono ulipokuwa usawa wa kifua, kwaya ikashika sauti ya kwanza. Mkono ukapanda hadi usawa wa macho, na sauti zikapanda nao, ukashuka, zikashuka. Hawakuwa wamefanya mazoezi ya namna hiyo hata siku moja. Walimtazama usoni tu, wakaimba wimbo mzima huku machozi yakiwatiririka. Atiriri, watu wa Mungu, siku ile niliogopa. Nimehudhuria mikutano ya injili ya kila aina, nimesikia wahubiri wakitikisa mahema, lakini sijawahi kuuhisi uwepo wa Mungu kama nilivyouhisi nikitazama mgongo wa mwanamke asiye na sauti.

Na mnadhani baada ya hapo nilinyamaza? Wapi! Wimbo ulipoisha nilichukua maiki nikasema tuendelee kumwombea dada yetu, ili imani yake ikue. Imani yake! Nilikuwa natafuta pa kuificha aibu yangu, nikaiweka mabegani mwake. Jumamosi iliyofuata alikuja mazoezini kama kawaida, akafundisha kwa mkono, na mpaka leo anafundisha hivyo. Hakunidai neno la kuomba radhi, nami sikumpa.

Halafu, mwaka jana, mke wangu Wangeci akaugua. Nilifunga, nikaomba, nikatangaza hapa mimbarini kwamba atainuka. Tulimzika mwezi wa saba.

Niwaambie ukweli. Mwenyekiti wa baraza, mtu wa maombi marefu mpaka watoto wanalala, nilishindwa kumwita Mungu hata kwa jina. Nilikaa ndani nikingoja mtu aje aniulize imani yangu ilikuwa wapi. Niliona ni haki yangu kuulizwa. Aliyekuja ni Kaluki. Kwa wiki tano, kila asubuhi kabla ya kufungua kibanda chake, aliingia, akavuta stuli, akaomba. Na kwa kuwa maombi yake ni mnong'ono, ilinibidi niiname karibu naye ndipo nisikie. Mimi, ambaye sikuwa nimezoea kuinama kumsikiliza mtu.

Asubuhi moja nikamuuliza, siku ile pale mbele, sauti ilipokataa, alishikilia nini.

Akaniambia, "Sikushikilia kitu, Mzee. Nguvu za kushikilia zilikuwa zimeisha. Kuna asubuhi nilimkasirikia Mungu hata sikumsalimia. Lakini hakuondoka."

Basi. Hakunihubiria zaidi ya hapo. Akachukua mkoba wake, akaenda kushona sare za watoto wa watu. Siku hiyo jioni niliomba kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na maombi yenyewe yalikuwa mafupi mno, mngeshangaa.

Mwalimu Kaluki, unaondoka Jumatatu, na sitaki ufike Kilimambogo ukiwa bado umelibeba neno langu lile. Mbele ya Baba Askofu, mbele ya mchungaji na mbele ya kwaya yako, nasema nilikukosea. Imani iliyokuwa ndogo siku ile haikuwa yako. Ilikuwa yangu, ndiyo maana sikuweza kumngoja Mungu bila kumpangia tarehe. Wewe uliweza kumngoja, na hata jibu lake lilipokuwa hapana, ukaendelea kumtumikia. Sijui nguvu hiyo inapatikana vipi. Nimeitazama kwa karibu na bado inanishangaza. Nisamehe, mwalimu.

Ngojeni. Mheshimiwa, usipige makofi kwanza.

Mwalimu amesimama. Ameinua mkono, na kwaya nayo imesimama. Lakini haitazami kwaya, ananitazama mimi. Unasemaje, mwalimu? Ananionyesha safu ya besi, pale kati ya mwimbaji wetu Maluki na ukuta. Ngai! Mwalimu, mimi sijui kuimba, na kanisa lote linajua hivyo.

Hashushi mkono.

Basi, ndugu zangu, nilikuwa na kurasa mbili zaidi, lakini mwalimu ananingoja. Asanteni kwa kunivumilia na kunisikia mpaka hapa. Maluki, sogea kidogo, nakuja.