Siku Niliyotaka Kumpeleka Ikhlas Pwani

Kijiwe chetu hapa Bombolulu ni ubao mmoja uliolazwa juu ya matofali, chini ya dirisha langu, basi hata nisipotaka kusikia nasikia. Jumapili hiyo ya mwezi wa pili joto lilikuwa la kufanya mabati yatetemeke machoni, stima imepotea, feni imesimama, na tangu asubuhi watu wanapita na mikeka na watoto wanakwenda pwani, wengine washarudi nywele zinachuruzika, na mimi siku ya thelathini na tatu niko ndani na Ikhlas wangu, kofia ya sufi kichwani, soksi miguuni, kama alivyoagiza mama mkwe, kwamba arobaini haijaisha na upepo usimguse. Tangu alfajiri alikuwa akishika titi analiacha, analia, kilio chenyewe chembamba, na mimi naogopa, mume wangu Talha yuko zamu bandarini hashiki simu, nikasema pwani kuna upepo, huenda akapoa akanyonya, halafu nikasema, je, nikimtoa akadhurika? Nikatoka naye mpaka mlangoni.

— Shikamoo Mzee Ghalib. Samahani, mtoto hajatimiza arobaini, naweza kumpeleka pwani kidogo tu? Hanyonyi, nadhani ni joto.

Mzee Ghalib tunamwita Hakimu, kwa sababu hakuna kesi asiyoikata. Aliweka kikombe chake cha kahawa chini.

— Marahaba mwanangu. Kumpeleka nani, huyu? Haendi. Upepo wa bahari huingilia nyayoni.

— Ana soksi, mzee.

— Mzidishe jozi.

Oduor, fundi wa friji, alitikisa kichwa.

— Hakimu, wacha hizo. Shida si upepo, ni chumvi. Mimi kila wiki nafungua friji za ufuoni, bati lote limeliwa. Sasa kitu inakula chuma, kifua ya mtoto itaiacha?

— Watoto wa wavuvi mbona hawana kutu? aliuliza Justus.

— Hao walipakwa rangi kiwandani.

Justus tunamwita Kapteni. Ni mlinzi wa kiwanja kimoja kando ya bahari, mwaka wa kumi na moja huu, na maji hayajawahi kumpita vifundo vya miguu.

— Nyinyi wote bahari hamuijui, alisema. Mimi nalala nayo. Bahari inavuta. Leo ni bamvua, maji yanakwenda mbali kabisa. Kama inavuta meli, itashindwa na katoto ka kilo nne? Damu ni maji pia.

— Si damu peke yake, alidakia Mzee Ghalib, akasahau kwamba yeye alikuwa upande wa upepo. Na maziwa. Maji yakipwa, maziwa ya mama nayo hupwa. Wallahi nimeliona kwa macho yangu, kwa mke wangu wa kwanza.

— Hakimu, mke wako wa kwanza aliishi Voi, bara huko, alisema Oduor.

— Bahari ina mkono mrefu, yakhe.

Wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu maziwa yangu kweli yalikuwa yamepungua, wiki iliyopita yalikuwa yananilowesha mpaka kanga, na tangu juzi kifua kiko laini tu, kitupu, na sikuwa nimemwambia mtu.

— Yakishapwa yanarudi? nikauliza.

— Baada ya saa sita, alisema Kapteni.

— Wengine hayarudi, alisema Mzee Ghalib.

Hapo nikalia. Sikukusudia, yalitoka tu, na Ikhlas naye akaanza upya, na wale wanaume watatu wakatazamana kama watu waliovunja sahani ya wenyewe. Oduor akainuka ubaoni akanipisha nikae. Mzee Ghalib akawa anasema basi mamangu, basi, yalikuwa mazungumzo, basi.

Mueni akafika wakati huo, jirani aliyehamia Alhamisi chumba cha pili, anatoka pwani, kanga imelowa, mchanga mpaka magotini. Alisimama akasikiliza, Hakimu akimweleza upepo, Oduor chumvi, Kapteni bamvua, wote kwa pamoja. Akawaacha wamalize. Halafu akainama, akaniuliza mimi.

— Mama, wewe leo umekunywa nini?

Mzee Ghalib alimtazama Oduor, Oduor akatazama kikombe chake. Walikuwa wamemaliza madele mawili ya kahawa mbele ya mlango wangu. Mimi nikajaribu kukumbuka, na nilichokumbuka ni uji wa pilipili manga, wa jana.

— Sijui, nikasema. Maji baridi nimekatazwa mpaka arobaini, na ya moto kwa jua hili hayapiti, kwa hivyo…

— Umekatazwa baridi. Maji umekatazwa?

Nikalitazama jerikeni langu la maji pale mlangoni.

— Na leo hapa Bombolulu maji baridi utayatoa wapi? Hebu gusa hilo jerikeni lako.

Nikaligusa. Yalikuwa vuguvugu kama chai iliyosahaulika.

Mzee Ghalib ndiye aliyeinuka kwanza. Alimwaga kahawa yake chini, akakisuuza kikombe, akakijaza maji, akanipa kwa mikono miwili. Oduor akafuata na chake, kisha Kapteni, vile vikombe vidogo, nikimaliza kimoja kingine kipo. Mueni alikuwa ameshamvua Ikhlas kofia na soksi. Mzee Ghalib akaziokota zile soksi, akazikunja.

— Nepi hii ya tangu lini? aliuliza Mueni.

— Alfajiri.

— Ni kavu, hajakojoa, alisema Mueni, taratibu, na akanitazama. Mnyonyeshe sasa. Akikataa, si pwani tena, ni hospitali, na hatungoji mtu. Wazee, geukeni huko.

Wakageuka wote watatu, nyuso ukutani, ukuta wenyewe unachoma. Oduor alirudisha mkono nyuma na kipande cha boksi, akawa anatupepea bila kuangalia. Ikhlas akashika, akaacha, akalia. Nikanywa tena. Akashika.

— Anameza? Mzee Ghalib aliuuliza ukuta.

— Bado.

— Kapteni, nyamaza, hatusikii, alisema Oduor.

— Sijasema kitu.

— Unapumua.

Ikaja sauti moja, ndogo, kooni mwa Ikhlas. Nikadhani nimejidanganya. Ikaja ya pili, na ya tatu, halafu zikafuatana.

— Anameza, nikasema.

Hakuna aliyegeuka. Mabega ya Mzee Ghalib yalishuka tu, polepole, na Oduor akabadilisha mkono akaendelea kupepea. Mueni aliketi chini kando yangu akauliza kama saa kumi na moja ni sawa kwenda pwani, jua likishapoa, yeye ana mkeka mkubwa, nikasema ni sawa, nikasema kwa sauti ndogo ili Ikhlas asije akaliachia titi.